Dari ya Gari Imeshuka? Ibandike Upya Mwenyewe

Kama gari lako lina miaka kumi na ushee na linalala nje, huenda umeshauona ugonjwa huu. Kitambaa cha juu huanza kuachia kidogo karibu na kioo cha nyuma, kisha kinafanya tumbo, na miezi michache baadaye kinamlalia kichwani abiria wa nyuma kama chandarua kilichokatika kamba. IST za mwanzo, zile zilizoanza kutoka Japani mwaka 2002, na magari mengine ya umri huo yanayoshinda juani Dar es Salaam au Mombasa, yanaujua sana. Dawa yake inapatikana nyumbani kwako, kwa mikono yako, Jumamosi na Jumapili moja.

Kwanza bonyeza pale palipolegea, kisha sugua kitambaa kwa vidole. Utasikia kitu kama mchanga laini, na kama kitambaa kimechanika utaona unga wa kahawia ukidondoka kwenye viti. Huo unga ndio sponji yako. Dari ya gari ina tabaka tatu: ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa, sponji nyembamba, na kitambaa. Kitambaa na sponji huja vimeshikana, na upande wa sponji ndio uliogundishwa kwenye ubao. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiozesha sponji hadi isiwe na cha kushika.

Ndiyo maana njia za mkato hazidumu. Ukichoma pini, unapata wiki mbili tatu na dari yenye chunusi. Ukiingiza gundi kwa bomba la sindano, gundi inashika unga, unga unaachia, na kitambaa kinabaki na madoa. Nilijaribu zote mbili kabla ya kukubali kwamba ubao lazima ushuke.

Je, kila gari linafaa kwa fundi wa mara ya kwanza? Lenye mlango mkubwa wa nyuma, kama IST, Probox au Noah, ni rahisi, maana ubao unatokea nyuma bila kukunjwa. Saluni inataka kulaza viti vya mbele na kuutoa ubao pembepembe kwa mlango wa abiria, watu wawili, taratibu. Ukivunjika katikati hakuna duka litakalokuuzia mwingine kwa urahisi. Lenye dirisha la paani mpelekee fundi. Bomba za kutolea maji ya mvua zimepita humo humo, na ukichomoa moja tu utaogelea.

Kabla ya kushika bisibisi, angalia nguzo za pembeni ya vioo na kingo za dari. Ukiona maandishi SRS AIRBAG, maana yake humo kuna mfuko wa hewa, ule unaofumuka kwa kishindo ajali inapotokea ili kichwa kisipige kioo. Ikiwa hujawahi kuishughulikia mifuko hiyo, mlipe fundi umeme wa magari akuvulie nguzo na kuzirudisha, halafu kazi iliyobaki ufanye mwenyewe. Hata usipoyaona maandishi hayo, zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, na subiri dakika kumi. Na nguzo zenye mifuko usizivalishe kitambaa hata kama zimechakaa, kwa sababu mfuko unaweza kushindwa kutoka.

Kufungua si kazi ya nguvu. Anza na taa ya ndani, kisha vikinga jua viwili vya mbele, kisha vishikio vya mikono. Skrubu za vishikio mara nyingi zimefichwa na vifuniko vidogo vya plastiki, na ncha ya kisu butu iliyofungwa kitambaa huvibandua bila kukwaruza. Vuta raba za milangoni kwa juu. Klipu za plastiki zibanduliwe kwa kitu kipana, maana plastiki ya zamani ni kavu na hukatika ovyo. Piga picha kila hatua kwa simu. Skrubu zangu huziweka kwenye trei la mayai, kila shimo na jina lake. Siku niliyozichanganya zote kwenye kopo moja, jioni nilibaki na skrubu tatu zisizo na kwao.

Ubao ukishatoka, ulaze juu ya meza au mkeka, nje, penye upepo. Vaa barakoa. Ng'oa kitambaa cha zamani, nacho kitatoka kama ganda la ndizi. Sasa ndipo ilipo kazi yenyewe: sugua sponji yote iliyobaki kwa brashi ngumu ya kufulia, kavu, bila maji, kwa sababu maji huulainisha ubao. Brashi ya waya itauchana. Sugua mpaka ukipitisha kiganja kirudi kisafi. Itakuchukua saa nzima au mbili, na mabega yatakuuma, lakini dari nyingi zinazoshuka tena baada ya miezi mitatu zilishindwa hapa, fundi alipochoka. Penye ufa, bandika kipande cha boksi upande wa nyuma kwa gundi.

Vifaa ununue wapi? Dar es Salaam, uliza Kariakoo kwenye maduka ya vitambaa vya viti, au Keko kwa watengeneza samani. Nairobi, anzia Kirinyaga Road, pale wengi wanapopaita Grogan. Omba kitambaa cha dari ya gari chenye sponji nyuma, unene wa kama milimita 3. Kivute kwa urefu na kwa upana. Kisichovutika hakitaingia kwenye mabonde ya vikinga jua. Kwa sababu hiyo kitenge, ambacho vijana wengi wanakitamani, huleta makunyanzi, tena ni chepesi na gundi huchungulia. Kiweke kwenye paneli bapa za milango, kitapendeza zaidi.

Pima urefu wa ubao, ongeza sentimita 20. Kwa gari dogo mita mbili hutosha. Gundi chagua ile ya kupaka pande zote mbili, inayotumiwa na mafundi viatu na makochi, na usome kopo: inayostahimili nyuzi 70 na kuendelea ndiyo yako, kwani gari lililoachwa juani huwa tanuri. Gundi nyeupe ya mbao waachie maseremala. Pamoja na brashi, wembe na barakoa, kwa gari dogo hapa Dar mimi hutenga shilingi 100,000. Kitambaa ndicho kinachokula nyingi, kwa hiyo ulizia maduka mawili matatu.

Kubandika usikufanye siku ya mvua. Unyevu ukitua juu ya gundi, haishiki. Jiko la mkaa, sigara na watoto viwe mbali, kwa kuwa mvuke wa gundi hii unawaka kama petroli na unalevya. Tandaza kitambaa juu ya ubao, kisha kunja nusu yake nyuma. Paka gundi nyembamba kwenye nusu ya ubao na kwenye sponji inayokutana nayo. Subiri hadi ukigusa kidole kisitoke na gundi. Kopo litakuambia dakika. Halafu teremsha kitambaa kidogo kidogo, ukisukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, na kwenye mabonde ingiza vidole kwanza, usivute juu kama ngoma. Rudia nusu ya pili. Ziada ya pembeni ikate ibaki kama sentimita 5, uikunje nyuma na kuigundisha. Matundu ya taa na vishikio yakatwe mwishoni, alama ya msalaba kutoka katikati.

Uache ubao ulale usiku kucha mahali pakavu. Kesho yake urudishe ukiwa na mtu wa kushika upande wa pili, anza na taa ya ndani ili ubao upate mahali pa kuning'inia, kisha vingine uvirudishe ukiangalia picha zako. Raba za milango ndizo za mwisho. Unganisha betri, washa gari, uitazame taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi: iwake sekunde chache kisha izimike. Ikibaki inawaka, kuna soketi iliyolegea, na gari lisitoke uani mpaka fundi umeme aione.