Pima Udongo Kabla ya Kununua Saruji

Matofali ya kushikana hayachomwi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo na maji, kisha hushindiliwa kwa mashine. Hakuna kuni za tanuri, na ukuta wake mnene huzuia joto la mchana kuliko ukuta wa mabati.

Hata hivyo, si kila udongo unafaa. Wenye mfinyanzi mwingi husinyaa ukikauka, na tofali hupasuka. Kuna kipimo rahisi cha kuujua mapema.

Kwanza, udongo wa juu wenye mizizi na mboji huondolewa. Fundi hutengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sm 60, upana sm 4 na kina sm 4, hukipaka mafuta ndani, kisha hukijaza udongo uliochekechwa na kuloweshwa. Baada ya siku 7 kivulini, udongo husukumwa upande mmoja na pengo lililobaki hupimwa.

• Chini ya mm 12: saruji sehemu 1, udongo sehemu 18
• Mm 12 hadi 24: 1 kwa 16
• Mm 25 hadi 39: 1 kwa 14
• Mm 40 hadi 50: 1 kwa 12
• Zaidi ya mm 50: udongo uongezwe mchanga, upimwe upya

Matofali mapya hufunikwa kwa nailoni na kunyunyiziwa maji kwa angalau siku 7. Yakianikwa juani mapema, huwa dhaifu.

Wananchi wanaopanga kujenga wanashauriwa kufanya kipimo hiki kwanza. Vipande vichache vya mbao vinaweza kuokoa gharama ya nyumba nzima.