SOMO LA AFYA: Kwa nini dawa ya saratani ya damu humezwa kila siku



Katika somo hili tunajifunza kuhusu imatinibi, kidonge kinachotibu aina moja ya saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Mgonjwa anaweza kupata nafuu baada ya wiki chache, akadhani amepona, akaacha dawa. Jambo hilo ni la hatari. Soma ujue sababu.

Seli hugawanyika vipi?

Seli za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Kila seli hupitia hatua nne:
1. Hukua.
2. Hunakili maelekezo ya urithi yaliyo katika kromosomu zake.
3. Hujikagua.
4. Hugawanyika kuwa seli mbili.

Seli yenye afya haivuki hatua ya kwanza mpaka ipate ishara kwamba mwili unahitaji seli mpya. Baadhi ya ishara hizo hupitishwa na vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kinasi huwaka inapohitajika, kisha huzimwa.

Ugonjwa huanzaje?

Ndani ya seli moja ya uboho, kromosomu ya 9 na ya 22 hukatika na kubadilishana vipande. Vipande vinapoungana hutokea kinasi mpya isiyozimika. Usiku na mchana huiamuru seli igawanyike. Seli nyeupe huzidi, bandama huvimba, na mgonjwa huchoka, hukonda na kutoka jasho usiku. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na kurogwa.

Dawa hufanya nini?

Kinasi hufanya kazi kwa kupokea kemikali ya nguvu, ATP, katika kishimo chake. Imatinibi huziba kishimo hicho, kama kijiti kilichokwama katika tundu la kufuli: ufunguo hauingii tena. Amri hukoma. Seli za ugonjwa husimama katika hatua ya kwanza, na nyingi hufa.

Lakini seli chache hubaki zimejificha. Dawa ikipungua katika damu, kishimo huwa wazi na seli huanza tena kugawanyika. Nyingine hubadilika zikawa sugu, dawa isizidhibiti tena.

Je, ufanye nini?

• Meza dozi uliyoandikiwa kila siku, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji.
• Usijiachishe dawa. Wapo wagonjwa ambao daktari huwaachisha baada ya miaka kadhaa, lakini kwa kuwapima damu mara kwa mara.
• Ukipata kichefuchefu, kuvimba macho au misuli kukaza, mweleze mhudumu. Usikae kimya.
• Onyesha kliniki dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya imatinibi.
• Mama, usishike mimba ukiwa katika dawa hii. Uliza kuhusu uzazi wa mpango.
• Unarudi nyumbani, unahamia kambi nyingine au unakwenda nchi ya tatu? Toa taarifa kliniki mapema, uombe dawa za safari na barua ya rufaa.

KUMBUKA: Kujisikia vizuri ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Si dalili kwamba ugonjwa umekwisha.