Kila Gugu na Dawa Yake

Bustani ya uani haihitaji sumu ya dukani. Jembe, nyasi kavu na jicho linalotofautisha gugu moja na jingine vinatosha.

1. Palilia mapema. Gugu lenye majani mawili matatu hung'oka kwa vidole, likishachanua umechelewa. Shina moja la kishonanguo huzaa mbegu kwa maelfu, na nyingine unazisambaza mwenyewe kwenye pindo la kanga.

2. Palilia asubuhi ya jua kali, mchana magugu yawe yamekauka. Ila kongwe, lile lenye vijiua vya buluu, usiliache chini: likigusa udongo mbichi huota mizizi kwenye kila pingili. Wape sungura.

3. Ndago ni kesi nyingine. Nguvu yake imo ardhini, kwenye vijiazi vilivyoungana kama shanga za tasbihi. Ukiikata juu juu kwa jembe, umekata uzi tu: vijiazi vilivyokuwa vimelala huamka, na kila kimoja huchipua. Hata karatasi ya nailoni huitoboa. Chimba kwa jembe uma udongo ukiwa na unyevu, fuata mzizi hadi mwisho, okota vijiazi vyote na uvianike juu ya bati. Baada ya hapo panda viazi vitamu, kwa sababu ndago haipendi kivuli. Usitarajie kuimaliza msimu mmoja.

4. Tandaza. Nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya migomba au pumba za mpunga, unene wa sentimita 7 hadi 10. Shina la mboga liachie nafasi lisioze.

5. Samadi mbichi ni kununua magugu kwa pesa yako, maana mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Ilundike na kuigeuza mpaka iive. Chomeka fimbo katikati ya lundo: ikitoka ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, joto linafanya kazi yake.

6. Kwenye nyufa za saruji, mwaga maji yanayochemka. Chumvi waachie wapishi. Ikizama kwenye udongo, hata mchicha hautaota.

7. Mchicha pori na mnafu, ukivijua vizuri, chuma vikiwa vichanga. Vitunguu, nyanya, tui kidogo, na ugali uwe tayari.