Maji twahara si lazima yawe maji salama

Katika makala haya napenda tuzingatie jambo linalogusa misikiti na nyumba zetu katika vitongoji vya Dar es Salaam, nalo ni visima. Tangu ukame wa mwaka 1997 ulipolikausha jiji, visima vingi vimechimbwa. Waislamu wenye uwezo huvichimba misikitini kwa nia ya sadaka yenye kuendelea, wakifuata mwendo wa Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), aliyenunua kisima cha Ruma pale Madina akakitoa kwa Waislamu. Ni amali njema. Swali langu ni hili: kisima kikishafunguliwa na dua ikasomwa, nani anakilinda?

Tukiulizwa kama maji ya kisima ni mazuri, wengi wetu tunatazama mambo matatu tuliyosoma madrasa: rangi, harufu na ladha. Yasipobadilika, tunatawadha na kuwapa watoto wanywe. Hapo tunachanganya mambo mawili. Vipimo vile ni vya tohara. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na naitreti inayotokana na kinyesi haina rangi wala harufu. Maji yanaweza kufaa kwa udhu, lakini yakamdhuru anayeyanywa.

Uchafu unafikaje kisimani? Surat al-Muuminuun, aya ya 18, inatufundisha kuwa Allah huteremsha maji kwa kipimo na kuyatuliza ardhini. Kwa hiyo mvua inayotiririka mitaani leo ndiyo maji ya kisima ya kesho. Sehemu nyingi za jiji zina udongo wa kichanga, unaopitisha maji upesi. Kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo, na masika yakifika wapo wanaotapisha vyoo vyao mitaroni. Uchafu huo mwingine huishia mtoni, mwingine huzama ardhini. Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kisha kikaenea mikoa mingi.

Wataalamu wa afya hushauri kisima kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chooni. Tupige hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kutoka pembe hadi pembe, ni mita 28 tu! Maana yake mwenye kiwanja hicho hawezi kutimiza kipimo hicho ndani ya mipaka yake. Na hata akikwepa choo chake, nyuma ya ukuta kuna choo cha jirani. Usalama wa kisima chako umo mikononi mwa jirani, na wa kisima chake umo mikononi mwako.

Hili si geni katika Uislamu. Mafaqihi wameeleza harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kulivamia, na Ibn Majah amepokea hadithi inayotaja dhiraa 40, karibu mita 20. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na ameonya dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji. Anayetapisha choo mtaroni ana udhuru gani?

Nazishauri kamati za misikiti mambo manne. Kwanza, kabla ya kuchimba, tupate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na tuhesabu vyoo vyote vya jirani, si cha msikiti pekee. Pili, mdomo wa kisima uinuliwe na kuzungushiwa zege ili maji ya mvua yasirudi ndani. Tatu, sampuli ipelekwe maabara ya maji, hasa baada ya masika, na majibu yatangazwe baada ya swala ya Ijumaa. Tukumbuke kuwa kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti wala chumvi. Nne, tuchangishane kumsaidia jirani asiye na uwezo, Muislamu au asiyekuwa Muislamu, alipie gari la kunyonya majitaka choo chake kinapojaa.

Huenda wapo watakaoona hili la nne si kazi ya msikiti. Nawauliza: tukitoa mamilioni kuchimba kisima, kisha tukaacha choo kinachokichafua, tumewapa watu maji au maradhi?

Allah atuwezeshe kuilinda neema hii. Amin.