Hesabu ya Mfarishi: Somo la Kwanza la Kubuni Viraka kwa Kompyuta

Katika nyumba yetu huku Pugu umo mfarishi mmoja wa viraka wenye pindo pana kuliko kawaida. Wageni hulisifu pindo hilo. Mimi na dada zangu wawili twajua kwamba lilitiwa kuficha kosa la hesabu, na aliyekosea hesabu hiyo ni mimi, niliyesomea hisabati ughaibuni hadi shahada ya uzamivu. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu na mwanafunzi jinsi anayeanza anavyoweza kubuni mfarishi kwa kompyuta, na mahali ambapo kompyuta haiwezi kumsaidia asiyeelewa anachokichora.

Mfarishi ni nini?

Mfarishi ni tandiko lenye matabaka matatu: uso wa juu, pamba au blanketi jepesi katikati, na kitambaa cha chini. Matabaka hayo hushikizwa pamoja kwa mishono. Uso wa juu ukiundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa, tunauita mfarishi wa viraka. Kazi hii yajulikana katika nchi nyingi. Huko Karnataka, India, jamii ya Wasiddi, ambao asili ya wahenga wao ni Afrika, hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Huanzia pembeni mwa kitambaa na kuzunguka kuelekea katikati, bila ya kuchora mpango wowote kwanza. Mpango umo mikononi mwao. Sisi tusio na mikono ya namna hiyo hatuna budi kuchora.

Mama yetu alipofariki dunia aliacha, miongoni mwa vitu vyake, doti mbili za kanga ambazo alikuwa hajazivaa: moja nyekundu iliyokoza na moja ya manjano. Dada zangu walikubaliana kwamba katika kila doti kipande kimoja kikatwe ili kushona mfarishi wa ukumbusho, na kipande cha pili kihifadhiwe, kila mmoja wao abaki na chake. Kitambaa cha kukata kilikuwa hicho tu, wala kisingeweza kununuliwa kingine. Kazi ya kubuni nikapewa mimi.

Hatua ya kwanza: karatasi ya grafu

Usianze na kompyuta. Chukua karatasi ya grafu, uchore mraba, kisha uugawe kwa mshazari kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Nusu moja itie rangi nyekundu, nusu ya pili manjano. Mraba huu waweza kukaa kwa namna nne, kulingana na pembe ambayo rangi nyekundu imeielekea.

Sasa panga miraba minne kama huo, miwili juu na miwili chini. Tuite mpango huo fungu. Maadamu kila mraba una namna nne za kukaa, mafungu yanayowezekana ni 4 × 4 × 4 × 4, yaani 256. Mengine yatafanana na nyota, mengine na kinu cha upepo, mengine na mawimbi. Padri Mfaransa aitwaye Sébastien Truchet aliuchunguza mraba huu wa rangi mbili na kuchapisha makala juu yake mwaka 1704. Alistaajabia wingi wa michoro inayozaliwa na kitu kidogo kama hicho. Mwanafunzi akichora mafungu kumi kwa mkono wake atakuwa amekwisha kuielewa nusu ya somo, hata kama shule yake haina kompyuta.

Hatua ya pili: kuingia kwenye kompyuta

Zipo programu zilizotungwa mahsusi kwa washonaji wa mifarishi, kama vile Electric Quilt ya Marekani, lakini huuzwa kwa fedha. Kwa shule zetu napendekeza Inkscape, programu ya kuchora ambayo hutolewa bure na ambayo, ikishawekwa, haihitaji intaneti. Anayeanza na afuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, fungua ukurasa wa A4 na uchague sentimeta kuwa kipimo. Onyesha gridi yenye miraba ya sm 1, na uamuru kila nukta inase kwenye gridi hiyo. Tutachora kwa skeli ya 1:10, yaani sm 1 ya mchoro ni sm 10 za kitambaa. Mfarishi wa sm 120 kwa sm 160 utakuwa na sm 12 kwa sm 16 katika mchoro, nao utaenea vizuri katika ukurasa wenye sm 21 kwa sm 29.7.

Pili, chora mraba mmoja wa manjano wa sm 1, na juu yake pembetatu nyekundu inayofunika nusu yake. Ondoa mistari ya ukingo, ubakishe rangi ya ndani pekee. Mstari wa ukingo una unene, na kwa kawaida programu huujumlisha unene huo katika kipimo cha umbo, hata mraba wa sm 1 ukasomeka kuwa sm 1.1. Kisha yafunge maumbo hayo mawili yawe kitu kimoja kwa kubonyeza Ctrl na G.

Tatu, tengeneza nakala kwa kubonyeza Alt na D. Nakala hii si ya kawaida. Ni nakala fuasi: ukibadili rangi ya umbo mama, nakala zake zote hubadilika papo hapo. Wazo hili lina umri mrefu. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika tasnifu yake ya udaktari huko MIT, Marekani, kwa programu iliyoitwa Sketchpad: mtumiaji alichora umbo mama mara moja, nalo likatokea mahali pengi apendapo. Kwa mbuni wa mfarishi faida yake ni kubwa, kwani ataweza kujaribu rangi kumi bila ya kuchora upya hata mara moja.

Nne, zungusha nakala kwa nyuzi 90 kwa kubonyeza Ctrl na mabano mraba. Herufi H huligeuza umbo kushoto-kulia kama taswira katika kioo. Herufi V huligeuza juu-chini. Haya ndiyo mageuzo yanayofundishwa darasani: uhamisho, mzunguko na uakisi. Unda fungu lako la miraba minne, ulifunge, kisha uiamuru programu ilirudie fungu hilo katika safu sita kwenda kulia na nane kwenda chini. Utapata mafungu 48, yaani miraba 192.

Katika amri hiyo ya kurudiarudia, Inkscape itakupa orodha ya aina 17 za ulinganifu. Idadi hiyo haikuchaguliwa na watunzi wa programu. Mwaka 1891 Mrusi Evgraf Fedorov alithibitisha kwamba pambo linalojirudia pande zote katika uso bapa haliwezi kuwa na aina nyingine ya ulinganifu zaidi ya hizo 17.

Hatua ya tatu: mshono usioonekana katika mchoro

Mchoro wangu ulikuwa mzuri, nami nikaupeleka kwa dada yangu mkubwa mwenye cherehani. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nikate sentimeta ngapi?" Nikajua kwamba mshono hula kitambaa sm 1 kila upande. Kwa hiyo nikamjibu: mraba uliokamilika ni sm 10, ongeza sm 1 kulia na sm 1 kushoto, kata miraba ya sm 12, kisha igawe kwa mshazari upate pembetatu. Alikata miraba 96 myekundu na 96 ya manjano, akashona kwa majuma matatu. Tulipoutandaza uso ule kitandani, badala ya sm 120 kwa 160 ulikuwa na sm 103 kwa 137. Dada yangu aliutazama, akasema, "Kitanda ni kilekile. Kilichopungua ni hesabu."

Kosa lilikuwa wapi? Jibu langu lilifaa kwa mraba unaoshonwa mzima. Lakini pembetatu ina mshono wa tatu, ule wa mshazari, nami sikuuhesabu.

Tulithibitishe jambo hili. Tuchukue pembetatu mraba ambayo pande zake mbili fupi ni sawa, kila mmoja una urefu a. Upande wa tatu, yaani kiegama, una urefu a√2. Chora ndani yake duara linalogusa pande zote tatu, lenye nusu kipenyo r. Unganisha kitovu cha duara na pembe tatu; pembetatu kubwa itagawanyika kuwa tatu ndogo, kila moja ikiwa na kimo r. Kwa hiyo eneo lote ni nusu ya r mara mzingo:

½a² = ½r(2a + a√2)

Tukirahisisha tunapata a = r(2 + √2).

Sasa ongeza sm 1 ya mshono nje ya kila upande. Pande mpya ni sambamba na zile za kwanza, hivyo pembetatu mpya inafanana na ya awali. Kitovu cha duara hakijahama, ila nusu kipenyo kimekuwa r + 1. Basi upande mfupi wa pembetatu ya kukata ni:

(r + 1)(2 + √2) = a + 2 + √2

Kwa kuwa √2 ni takriban 1.41, tunaongeza sm 3.41, wala si sm 2. Kwa upande uliokamilika wa sm 10, mraba wa kukata na kugawa kwa mshazari unapaswa kuwa na sm 13.4. Mimi nilikata sm 12, nikabakiwa na 12 − 3.41, yaani sm 8.59. Zidisha kwa 12, kisha kwa 16, utaviona vipimo vya mfarishi wetu.

Programu za washonaji huongeza nafasi ya mshono zenyewe. Hata hivyo, asiyejua kwa nini namba iliyotolewa ni 13.4 hawezi kutambua siku atakapokuwa ameingiza kipimo kisicho sahihi. Kompyuta ilichora mistari niliyoiamuru, na mistari ya mchoro haina upana. Kitambaa kina upana, kina mshono, tena cha pamba huweza kurudi kikifuliwa. Kwa sababu hiyo kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kupimwa.

Hatua ya nne: eneo na mkasi

Lipo kosa la pili ambalo anayeanza hulifanya. Kanga zetu zilikuwa na sm 110 kwa sm 150, yaani eneo la sm za mraba 16,500. Mraba wa sm 13.4 una eneo la sm za mraba 179.56. Ukigawanya utapata 91 na kitu. Lakini mkasi haukati maeneo, hukata safu. Katika sm 150 hupatikana miraba 11, na katika sm 110 hupatikana 8. Jumla ni 88. Eneo lasema 91, mkasi wasema 88.

Nasi tulihitaji 96 kwa kila kanga. Maana yake ni kwamba, kama ningalipiga hesabu sahihi tangu mwanzo, ningaligundua mezani, kabla ya mkasi kugusa kanga, kuwa mpango wa mafungu 48 hautoshelezwi na kitambaa tulichonacho. Ningalipunguza mafungu na kuchora upya kwa dakika kumi. Majuto ni mjukuu.

Dada zangu hawakukubali kukata vile vipande viwili vilivyohifadhiwa, na walikuwa na haki. Aliyepata ufumbuzi ni dada mdogo. Alisema kila kanga ina mji na pindo. Huu wetu una mji, basi nao upewe pindo. Akatafuta kitambaa cha rangi moja, akauzungushia uso ule, nao ukaenea kitanda.

Ndugu mwalimu, namba hizi nimewapa wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Pugu wakazipiga upya kwenye karatasi ya grafu. Waligundua kosa langu kabla sijawaambia. Jaribu kufanya hivyo darasani kwako, kisha ndipo uiwashe kompyuta.

Mazoezi

1. Geuza mraba wa rangi mbili kwa kuuakisi kushoto-kulia. Je, unapata namna ya tano ya kukaa, au mojawapo ya zile nne? Eleza kwa kutumia ulinganifu wa mraba huo.

2. Kwa kutumia duara lililo ndani ya mraba, thibitisha kuwa mraba unaoshonwa mzima huhitaji kuongezwa sm 2 tu iwapo mshono ni sm 1.

3. Fundi mmoja hutumia nafasi ya mshono ya sm 0.75. Akate mraba wa kiasi gani ili, baada ya kuugawa kwa mshazari na kushona, apate mraba wa sm 10?

4. Una miraba 88 myekundu na 88 ya manjano, kila mmoja wa sm 13.4. Yatapatikana mafungu mangapi kamili? Buni mpangilio wa mstatili usiozidi mafungu hayo, kisha tafuta upana wa pindo litakaloufikisha mfarishi kwenye sm 120 kwa sm 160.

5. Tafuta upana wa pindo tulilolitia sisi, kwa pande za urefu na kwa pande za upana. Usisahau kuongeza nafasi ya mshono.