Kipepeo Anaona Rangi

Jua likiisha kupanda, tazameni maua ya bustani. Kipepeo mkubwa mweusi, mwenye madoadoa ya manjano, anapita hapo. Hashuki juu ya mawe wala juu ya majani. Anashuka juu ya ua, anakunjua mrija wake mwembamba kama uzi, ananyonya maji matamu. Nani amemwonyesha ua lile?

Wengine watajibu: harufu. Ndiyo, harufu yaweza kumsaidia. Lakini macho yake pia yanafanya kazi kubwa.

Lakini tutajuaje kwamba anaona rangi? Pengine anaona mwanga na giza tu. Kumwuliza kwa maneno haiwezekani. Basi wataalamu wa Japani walimwuliza kwa namna nyingine. Walikuwa na vipepeo ambao ni ndugu wa yule wa bustani yetu, waliotoka karibuni katika vifuko vyao, wasiojua ua hata moja. Siku kwa siku waliwapa maji ya sukari juu ya kikaratasi chekundu. Kisha wakawawekea vikaratasi vya rangi nyingi, bila tone la sukari. Vipepeo wakaenda kwenye chekundu. Wakakiweka chekundu kati ya vikaratasi vya rangi ya majivu, vingine vyenye mwanga mwingi, vingine vyenye giza. Kama kipepeo angeona mwanga na giza tu, angekosea hapo. Hakukosea. Na wale waliozoezwa kwa manjano walichagua manjano. Michiyo Kinoshita na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 1999.

Tena, kipepeo huyo anatushinda. Ndani ya jicho la mtu mna namna 3 za chembe zinazopokea rangi. Ndani ya jicho lake mna namna 6. Anaona hata mwanga fulani ambao sisi hatuuoni kamwe. Kwa hiyo ua ambalo kwetu ni la rangi moja, kwake laweza kuwa na alama.

Sasa mtazameni kipepeo jike anayetaka kutaga. Siku hiyo anatafuta majani. Mtaalamu Dora Ilse alitazama vipepeo weupe wa kabichi, akaandika mwaka 1937 kwamba majike wenye mayai walipiga-piga kwa miguu yao ya mbele karatasi za rangi ya majani mabichi. Wenye njaa walikwenda kwenye rangi nyingine, zile za maua. Jicho ni lile lile, lakini haja imebadilika.

Lakini majani yote ya bustani ni mabichi! Mtoto wa kipepeo wetu mweusi anakula majani ya mchungwa na ya mlimau. Mama akimwacha juu ya mhogo, mtoto atakufa kwa njaa. Kwa hiyo mama hatumainii macho peke yake. Akifika juu ya jani analipiga kwa miguu ya mbele, maana miguu yake inaonja. Likiwa jani baya, anaruka. Likiwa la mchungwa, anapinda tumbo, anabandika yai moja, anakwenda kutafuta jani jingine.

MAULIZO. Kwa nini wataalamu waliondoa sukari kabla ya kuwajaribu vipepeo? Vikaratasi vya rangi ya majivu vilikuwa na kazi gani? Nendeni kwenye mchungwa wakati wa jua, mkae kimya: kipepeo anagusa majani mangapi kabla ya kutaga?