Mbwa wa Kupewa: Nani Alipe Dawa?

Likizo iliyopita jirani yetu alihama, akampa baba mbwa wake bure. Juma la pili mbwa alikataa chakula, ufizi wake ukawa mweupe. Bwana mifugo alimpima, akasema ni homa ya kupe. Baadaye tukasikia kuwa aliwahi kuugua vivyo hivyo kwa jirani, nasi hatukuambiwa. Baba alilipa sindano, kisha akauliza, "Je, gharama hii ni ya nani?"

Mimi naona jambo hili lina sehemu tatu. Kwanza, ugonjwa ambao mtoaji aliujua akauficha, dawa yake ni juu yake. Zawadi haimwondolei mtu wajibu wa kusema kweli. Pili, ugonjwa ambao hakuna aliyeujua ni juu ya mpokeaji, kwa maana ndiye anayelindiwa nyumba. Tatu, chanjo ya kichaa cha mbwa ni juu ya mwenye mbwa wa leo, wala asingoje mabishano yaishe. Ugonjwa huo huambukizwa kwa mate mbwa aumapo, na dalili zikishatokea kwa mtu, ni nadra sana kupona.

Jirani alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akatuma nusu ya fedha. Chanjo baba amelipa mwenyewe, nami naona ni haki.

Basi, wasomaji, kabla hamjapokea mbwa ulizeni: aliugua nini, na alichanjwa lini?